Vyombo vya Nyumba na Majina Yake: Tangu Vidaka vya Pwani hata Maduka ya Vitu vya Kale

Mtu apitaye leo katika Mtaa wa Gizenga mjini Unguja, au Ndia Kuu huko Mombasa, au njia nyembamba za Lamu zilizo nyuma ya bandari, haendi mbali kabla hajaona duka lililojaa vitu vya kale: makasha yenye misumari ya shaba, sahani za kauri, taa za kandili, saa za ukutani zilizokwisha kusimama, mirashi, masinia, na pengine ubao wa mlango wenye nakshi ulioegemezwa ukutani kama mgonjwa. Wateja wa maduka hayo ni wa namna nyingi. Wako wageni wa siku mbili tatu. Na wako wenyeji wa Dar es Salaam na Nairobi waliokwisha kujenga nyumba mpya, nao hutembea duka hata duka wakitafuta namna ya kuzipamba. Ukiwauliza hawa wa pili wanataka nini hasa, aghalabu watakujibu kwamba wanataka nyumba "ya Kiswahili".

Jibu hilo lastahili kuchunguzwa, kwa maana vitu wanavyovichagua havikufanyizwa pwani, au vingi vyake havikufanyizwa pwani. Kasha yamkini limetoka Surat au Bombay. Sahani ile yenye maua ya rangi, ukiigeuza, huenda ukakuta muhuri wa kiwanda cha Maastricht katika Uholanzi. Saa ni ya Marekani au ya Ujerumani, na taa ni ya Ulaya. Mwenye haraka atasema kwamba basi hapana cha Kiswahili humo, na kwamba mnunuzi amedanganyika. Mwingine, mwenye haraka vile vile, atasema kwamba kila kilichotoka katika nyumba ya Mswahili ni cha Kiswahili, na mambo yamekwisha. Mimi nadhani wote wawili hawakulitazama swali vizuri. Kupamba nyumba kwa vitu vya ng'ambo ni desturi ya pwani tangu karne nyingi. Lililokuwa la wenyeji ni mpango wa vitu hivyo ndani ya nyumba, na majina yake. Ndiyo mambo mawili ambayo duka la vitu vya kale haliwezi kuyauza, na ambayo yanapotea wakati vitu vyenyewe vinapata bei kubwa zaidi kuliko zamani.

Tuanze na ushahidi wa ardhi. Bwana James Kirkman alianza kuchimba magofu ya Gedi, karibu na Malindi, mwaka wa 1948. Nyumba alizozifukua hazikuwa na maandishi ya kumjulisha wenyewe walikuwa nani, kwa hiyo akazipa majina kwa vitu alivyovikuta humo: iko Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Mwenye nyumba amepotea, chombo kimebaki, na chombo ndicho kilichoipa nyumba jina. Msomaji aiweke habari hii akilini, kwa maana baadaye tutaona kinyume chake: chombo kubaki na jina kupotea.

Huko kusini, katika kisiwa cha Songo Mnara karibu na Kilwa, kuta za nyumba za mawe za karne ya 14 na ya 15 zina vidaka vingi vya kuwekea taa na vyombo, na alama za mahali palipotundikwa vitambaa au mazulia. Peter Garlake, aliyepima majengo ya kale ya pwani na kuchapisha kitabu chake mwaka wa 1966, ameonyesha jinsi mpango wa nyumba hizo ulivyofanana kutoka mji hata mji. Si nyumba tu zilizopambwa hivyo. Makaburi yenye nguzo, kama yale ya Kunduchi na ya Mambrui, yalitiwa mabakuli ya Kichina katika chokaa, nayo yakakaa huko kama macho. Mengi katika makaburi ya pwani yameng'olewa, na mashimo yaliyobaki yatosha kutuonyesha ukubwa wa kila bakuli.

Ushahidi mwingine wa kale umetoka kwa maadui. Francisco d'Almeida alipoishambulia Mombasa mwezi wa Agosti 1505, watu wake walikuta katika nyumba za mji nguo za hariri na za nyuzi za dhahabu, na mazulia. Zulia moja lilikuwa zuri kupita yote, na likatengwa ili lipelekwe kwa Mfalme Manuel wa Ureno pamoja na vitu vingine vya thamani. Zulia hilo bila shaka halikufumwa Mombasa. Lililetwa kwa chombo cha bahari, likanunuliwa na mtu aliyelipenda, likatandikwa au likatundikwa mahali pake, na huyo aliyelinunua alikuwa na jicho la kuchagua lililotosha kumridhisha mfalme wa nchi nyingine. Nakiri kwamba kila nisikiapo watu wakisema kuwa wapwani walijifunza kwa Wazungu kupamba nyumba zao, nalikumbuka zulia hilo.

Lakini mpango wenyewe wa nyumba twaufahamu zaidi kwa nyumba za Lamu na Pate zilizojengwa katika karne ya 18, kwa kuwa baadhi yake zingali zimesimama na wazee wamehifadhi majina ya sehemu zake. Mtu huingia kwa daka, ambayo ni baraza iliyo mlangoni yenye viti vya mawe pande mbili, hupita tekani, hufika kiwandani, yaani uani penye mwanga, kisha hupanda polepole, kila chumba kikiwa juu kidogo kuliko kilichotangulia: msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani. Kadiri aingiavyo ndivyo nakshi zizidivyo. Huko ndani, katika ukuta wa mbele yake, ndiko kuliko na zidaka, kama wasemavyo Waamu, safu juu ya safu, zilizochongwa katika chokaa kwa ufundi ambao hatujui kuufanya tena ila kwa shida. Hapo ndipo zilipowekwa sahani na mabakuli ya Kichina.

Mpangilio huo haukuwa wa kufurahisha macho tu. Chumba cha ndani kilikuwa chumba cha mama wa nyumba. Humo bibi arusi alikaa akatazamwa, na humo watoto walizaliwa na maiti wakaoshwa. Bibi Linda Donley-Reid, aliyeuliza wazee wa Lamu habari za nyumba zao, ameeleza kwamba vyombo vya kauri vilivyokuwa zidakani vilidhaniwa pia kuwa kinga ya jicho la husuda: mwenye jicho baya akiingia, jicho lake huangukia sahani kwanza. Kwa hiyo sahani iliyopasuka bila kuguswa na mtu ilikuwa imefanya kazi yake. Ukielewa hivyo waelewa pia kwa nini sahani ile ile, ikiondolewa zidakani na kutundikwa juu ya meza ya kulia katika nyumba ya ghorofa huko Upanga, si chombo kile kile tena, ijapokuwa haikupungua hata ua moja.

Washairi waliijua maana ya zidaka kabla yetu. Katika Al-Inkishafi, utenzi uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate na kutolewa na William Hichens mwaka wa 1939 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, mtungaji alipotaka kumwonyesha msomaji jinsi utajiri wa Pate ulivyoanguka, hakuhesabu fedha wala majahazi. Aliingia katika nyumba, akazitazama zidaka zilizokuwa na vyombo vya kauri, akatuambia kwamba sasa ni viota vya ndege. Kila aliyesikia wakati ule alijua maana ya jambo hilo. Zidaka tupu ni nyumba isiyo na wenyewe.

Unguja ya karne ya 19 ilikuwa na desturi hiyo hiyo, ila bidhaa zake zilikuwa nyingi zaidi na zilitoka mbali zaidi. Mapatano ya biashara kati ya Seyyid Said na Marekani yalitiwa sahihi mwezi wa Septemba 1833, na meli za Salem zilileta si marekani tu, yaani ile nguo iliyochukua jina la nchi yake, bali na vyombo vya nyumbani. Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa mwaka wa 1844 na ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Emily Ruete, ameandika katika kumbukumbu zake zilizopigwa chapa Ujerumani mwaka wa 1886 habari za vyumba vya jamaa yake. Ameeleza vidaka vya ukutani na rafu zake, vilivyojaa bilauri na vyombo vya kauri, na vioo vikubwa, na saa nyingi, na jinsi wenyewe walivyokuwa tayari kulipa bei yo yote kwa chombo kilichowapendeza. Naye si mgeni aliyechungulia mlangoni, alizaliwa humo.

Mgeni aliyechungulia mlangoni ni Richard Burton, aliyefika Unguja mwishoni mwa mwaka wa 1856. Yeye alitazama milango, akaona kwamba kwa kadiri lango lilivyo kubwa, na misumari yake ya chuma kuwa minene, na kufuli yake kuwa nzito, ndivyo mwenye nyumba alivyohesabiwa kuwa mtu wa cheo. Maneno yake yana dhihaka kidogo, kama kawaida yake, lakini jambo lenyewe ni kweli. Mlango ulikuwa uso wa nyumba. Ulichongwa kwa msaji ulioletwa kwa bahari au kwa mfenesi wa papa hapa, ukawekwa pengine kabla ya kuta zenyewe kumalizika, na mpita njia aliweza kuusoma.

Sasa tuje kwenye majina, ambayo ndiyo kazi yetu hasa.

Neno lenyewe "samani" lina mtego. Nimesikia mara nyingi, hata darasani, kwamba samani ni ndugu ya thamani, kwa kuwa vyombo vya nyumba ni vitu vya bei. Maelezo hayo yanapendeza, walakini si kweli. Thamani ni neno la Kiarabu, nalo asili yake ni bei. Samani limetoka katika neno la Kiajemi "saman", lenye maana ya vitu, zana, mizigo ya nyumba, ambalo latumika vile vile katika Kihindi na Kiurdu hata leo. Na njia yake ya kufika kwetu ni ile ile iliyopitiwa na makasha. Kufanana kwa sauti ni jambo la nasibu. Hata hivyo nadhani maelezo yale ya uwongo yataendelea kuishi, kwa sababu muuza duka anayapenda.

Kasha ni Kireno, "caixa". Meza pia ni Kireno. Sanduku ni Kiarabu. Kabati ni Kiingereza, nalo ni la juzi tu likilinganishwa na hayo. Zulia limetoka Uajemi kwa kupitia Kiarabu cha Ghuba, na busati ni Kiarabu. Dawati lilikuwa kidau cha wino katika Kiarabu. Kwetu limekuwa kisanduku cha vifaa vya kuandikia, kisha meza ya kuandikia, hata likakua likamsahau mzazi wake. Thurea, taa ile ya matawi mengi itundikwayo darini, ni jina la kundi la nyota ambalo wakulima wetu huliita kilimia. Na kati ya majina hayo yote hukaa mawili ya Kibantu ambayo hayakuondoka mahali pake: kiti, kilichotokana na mti, na kitanda, kilichotokana na kutanda. Kiti cha enzi, kile cha mpingo chenye mapambo ya pembe na ukambaa wa nyuzi, chenye mahali pa kuwekea miguu panapoondolewa, kimebishaniwa sana na wataalamu kama umbo lake lilitoka Misri ya Mamaluki, au Ureno, au Bara Hindi. James de Vere Allen aliandika juu ya viti hivyo mwaka wa 1989. Sina la kuongeza katika ubishi huo wa umbo. Nasema tu kwamba neno la kwanza la jina lake lilikuwapo pwani kabla ya mabishano yote.

Maneno mawili yanihusu zaidi, kwa kuwa yaonyesha jinsi lugha zinavyokumbuka njia ya biashara hata wasemaji wakiisahau. La kwanza ni sinia. Leo sinia ni chombo kipana cha shaba, cha bati au cha plastiki cha kupakulia wali, wala hapana anayefikiri juu ya Uchina anapokula biriani. Lakini neno hili, kwa njia ya Kiarabu, maana yake ni "kitu cha Kichina", kutokana na Sin, jina la Uchina katika Kiarabu. Chombo kimegeuka kutoka kauri kuwa madini, na jina halikugeuka. La pili ni kauri. Katika Kiswahili kauri ni ganda lile la konokono wa bahari lililotumiwa zamani kama fedha, na kauri ni udongo mweupe wa vyombo vya Kichina. Mtu angeweza kudhani kwamba ni maneno mawili yaliyogongana kwa bahati, kama samani na thamani. Lakini Waitalia wa zamani za Marco Polo walifanya vivyo hivyo: neno lao "porcellana" lilikuwa jina la ganda la kauri kabla ya kuwa jina la vyombo, na kutoka kwao lugha nyingi za Ulaya zikalichukua. Watu wa pande mbili za dunia walishika chombo kile kile mkononi, wakakiona cheupe, laini na chenye kung'aa, wakakumbuka kitu kimoja. Sijui mfano mzuri zaidi wa kuwafundishia wanafunzi wa maana za maneno.

Vitu hivyo viliingiaje dukani? Njia ni nyingi, na ya kwanza ni ya kawaida kabisa: mirathi. Baba akifa, nyumba hugawanywa mafungu, na kasha moja haligawanyiki. Basi huitwa dalali, likanadiwa, na fedha zikagawanywa. Mnada ni neno la Kiarabu lenye kuita kwa sauti, na dalali wa pwani alikuwa mtu wa kujua bei, asili na sifa za kila chombo, kwa kuwa ilimpasa kuvitangaza mbele ya watu walioweza kumsahihisha. Pili, jamaa zilizokuwa na mashamba zilipungukiwa na uwezo, na sahani za zidakani zikatoka moja moja, za nyuma kwanza ili pengo lisionekane. Tatu, desturi za arusi zilibadilika. Bibi arusi wa siku hizi hutaka kabati lenye kioo, wala simlaumu. Nne, huko Unguja, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi za mawe zilichukuliwa na Serikali na wenyewe wengi wakahama, na vyombo vilivyobaki vilipita mikono mingi.

Wanunuzi nao walikuwapo. Maofisa wa Kiingereza na wake zao walianza kununua makasha kabla ya Uhuru, wengine kwa mapenzi ya kweli ya elimu. Bibi Sheila Unwin, aliyekaa Tanganyika siku zile na kuyakusanya, alichapisha kitabu kizima juu ya makasha hayo mwaka wa 2006, akayapanga kwa mahali yalipotengenezwa: ya Surat, ya Bombay, ya Kishirazi, ya Oman na kadhalika. Sheria nayo ilijaribu kuzuia. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ya mwaka wa 1964 ilitaja waziwazi milango na miimo ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka wa 1940 kuwa ni vitu vya kulindwa. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2000, na mji wa Lamu mwaka wa 2001. Lakini kuta ni rahisi kuzilinda kuliko kilichomo ndani yake. Kasha lina vishikio pande mbili, na lilitengenezwa ili lichukuliwe.

Nilipokuwa masomoni Uingereza nilikuwa na mazoea ya kwenda Jumamosi katika soko la Portobello Road, London, kutazama tu, kwa kuwa mfuko wa mwanafunzi hauruhusu zaidi. Hapo makasha hayo yote huitwa kwa jina moja la Unguja, hata lile ambalo kwa kila dalili halikupata kukanyaga Unguja. Bandari ya kuuzia imelinyang'anya jina fundi. Nilipita nikacheka. Nilirudi pwani miaka michache baadaye nikakuta jina hilo hilo limerudi kabla yangu: muuza duka mwenyeji, kijana mwenye Kiswahili safi cha Unguja, alinionyesha "kasha la Zanzibar", akimaanisha aina ya kasha, kama kwamba tulikuwa wote wawili wageni waliotoka mbali.

Ndipo nilipoanza kwenda madukani na daftari. Niliyoyapata hayakunifurahisha yote. Kila kiti chenye mgongo mrefu na kazi ya ukindu sasa ni "kiti cha enzi". Kila kitanda chenye nguzo nne ni "kitanda cha Kizanzibari". Neno samadari bado linajulikana kwa wazee, na besera, yaani kile kitambaa cha juu ya nguzo, nililipata kwa mtu mmoja tu, fundi wa kupaka rangi aliyekuwa amekaa kando akinywa kahawa, ambaye hakuwa muuzaji hata kidogo. Kidaka kimesalia, kwa kuwa hoteli mpya huvijenga na kuvitia taa za umeme. Daka, mzazi wake, haisikiki ila Lamu.

Kwa upande mwingine, maduka yamezaa tofauti moja ya lugha ambayo naiona kuwa kazi nzuri ya kisarufi. Kitu "cha zamani" ni kitu kilichofanyizwa zamani. Kitu "cha kizamani" ni kitu kilichofanyizwa kwa namna ya zamani, pengine juma lililopita. Silabi moja tu, ki-, ile ile iletayo Kizungu, Kihindi na Kiswahili, hukaa kati ya vitu hivi viwili, na kati ya bei zake mbili. Muuzaji mwaminifu huitamka wazi. Muuzaji mwingine huitamka upesi, au huimeza, na mgeni aliyejifunza Kiswahili cha kitabuni hana la kumshika. Wala isidhaniwe kwamba nawadharau mafundi wa vitu vya kizamani. Nimewatazama wakipiga misumari ya shaba katika ubao mpya wa kasha, wakiipanga kwa kipimo cha vidole bila ya kuchora, na ufundi huo ni wa kweli. Mafundi hao ndio waliobaki na majina ya vipande: kwao nilithibitisha mwimo, kizingiti cha juu na cha chini, tumbuu, komeo, na mfaa, yaani ule mti wa katikati ya mbao mbili za mlango wenye kubeba nakshi nzuri kuliko zote. Mnunuzi hahitaji majina hayo, lakini fundi hawezi kumwagiza mwanafunzi wake bila ya hayo.

Jambo hili lina maana kubwa kwa kazi ya kamusi. Krapf, Steere, Madan na Sacleux walikusanya maneno ya nyumba katika wakati ambao nyumba zenyewe zilikuwa zikikaliwa, na mkusanyaji aliweza kuelekeza kidole. Kamusi zilizofuata zilichukua mengi kutoka kwao. Na neno likinakiliwa mara tatu bila ya mtu kwenda kukitazama kitu, maelezo yake hupungua kila mara, hata tukaambiwa tu kwamba ni "aina ya kitanda" au "aina ya sinia". Maelezo ya namna hiyo hayamsaidii mtu. Maduka ya vitu vya kale, ambayo wanachuo huyapita kwa aibu kana kwamba ni mahali pa watalii, ni mojawapo ya sehemu chache ambapo chombo chenyewe kingali kipo, na mara nyingine ameketi kando yake mzee aliyekijua kikiwa na kazi. Makumbusho yanavyo vyombo, nayo yamevihifadhi vizuri. Fort Jesus iliyofanywa kuwa makumbusho na makumbusho ya Lamu yanastahili shukrani zetu. Ila katika makumbusho chombo kimekwisha kupewa jina moja lililoandikwa kwenye karatasi, na hapana mtu anayebishana naye juu yake. Dukani watu wangali wakibishana, na mkusanyaji wa maneno hana bahati kubwa zaidi ya kukuta ubishi.

Ubishi wa mwisho nilioukuta ulikuwa juu ya meza. Mlango wa kale ulikuwa umelazwa, ukawekewa miguu minne ya chuma, na juu yake kioo, ili pawekwe vikombe vya kahawa. Mzee mmoja aliona kwamba ni haramu kidogo, si kwa dini bali kwa adabu, kuweka vikombe juu ya kitu ambacho watu walikuwa wakipita chini yake kwa kupiga hodi. Muuzaji alijibu kwamba mlango huo ulikuwa umelala miaka kumi uani, mchwa wakiula. Sikuona njia ya kuwapatanisha, nikawauliza tu kitu hicho chaitwaje. Hapo hawakubishana. Ni "meza ya mlango", walisema wote wawili: neno la kwanza Kireno, la pili Kibantu, na mbao zenyewe za msaji zilizovuka bahari kabla ya babu zao kuzaliwa.